Tupeane uzoefu: Dominika ya Furaha ilipokukuta na msiba, ulipitaje?

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Dominika ya tatu ya Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Noeli, hiyo inakuja; ndiyo tunayoiita Dominika ya Furaha. Padre atavaa rangi ya waridi, tutawasha mshumaa wa waridi, na misa itaanza na maneno ya Paulo kwa Wafilipi: "Furahini katika Bwana siku zote, tena nasema, Furahini." Najua wapo humu yatakaowachoma. Mimi mwaka huu nimemzika mama.

Kinachonishika ni kwamba Paulo aliyaandika akiwa kifungoni, hajui kama atatoka au atauawa. Na katika barua hiyohiyo anasimulia jinsi Epafrodito alivyougua karibu na kufa, na Mungu akamhurumia Paulo asipate huzuni juu ya huzuni. Kwa hiyo anayetuambia tufurahi anaijua huzuni, wala haifichi. Nyie mlipitaje?

Wa Katesh: Milele amina. Kwetu tope la Mlima Hanang lilishuka alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio. Walikufa watu zaidi ya 80, shemeji yangu akiwamo. Dominika ya Furaha ilifika wiki mbili baadaye na mimi sikutaka hata kuisikia. Nilikuwa na hasira na Mungu, na nilimwambia hivyo kwenye sala. Walionivusha ni akina mama wa jumuiya. Walikuja na majembe, wakakokota tope chumba kwa chumba, wakafua nguo za watoto. Hakuna hata mmoja aliyeniambia "kazi ya Mungu haina makosa". Jumapili ile walipoimba, niliimba nao ubeti mmoja. Nilikuwa na huo tu.

Mama wa Moshi: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mlutheri wa KKKT, mume wangu alifariki Novemba. Huku kwetu Desemba ukoo wote unapanda nyumbani, kwa hiyo hata upweke huupati. Nyumba imejaa, mbuzi amechinjwa, na aliyekuwa akigawa nyama hayupo. Baba mdogo akampa kisu kijana wangu wa kwanza. Alikata hovyo, bibi akapewa mfupa mtupu! Tulicheka wote, nikalia mbele ya watu, nikacheka tena. Sikuona aibu. Kabla ya siku ile nilidhani nikicheka nitakuwa nimemsahau marehemu.

Mgeni: Shikamooni. Mimi nimepoteza mimba ya miezi saba. Kila pango la Noeli lina mtoto. Hivi ni lazima niende?

Mwanzisha mada: Marahaba, mdogo wangu. Pole, pole sana. Yohane Mbatizaji akiwa gerezani alituma watu wamwulize Yesu, "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Injili hiyo husomwa Dominika hii ya Furaha katika mwaka A, wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya misa. Yesu hakumkemea, alimjibu, kisha akamsifu mbele ya umati. Basi nenda na swali lako kama lilivyo, ukae kiti cha nyuma, ukizidiwa utoke. Siku ukishindwa kabisa, baki nyumbani, sisi tutakuombea. Na kama mtoto mlimpa jina, mwambie mwenyekiti wa jumuiya yenu aliweke kwenye nia za misa, litajwe.

Wengine karibuni. Akina baba, mmekaa kimya mno, nanyi mmezika.