Mzee hataki kuondoka kimbunga kikitangazwa, nimwambie nini?

Mlinda_Uani:

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kwa mnaoishi pwani zenye vimbunga au mliowahi kuishi huko, maana mimi hapa akili imegota.

Nyumba yetu iko karibu kabisa na bahari, ukitoka uani hatua kama mia mbili ushakanyaga mchanga. Naishi na mzee wangu, umri umeenda na miguu si ile tena. Kila msimu lazima tupate tahadhari, na mpaka sasa tumeshaondoka mara tatu. Mara zote tatu kimbunga kikapinda au kikafika kimeshaishiwa nguvu, tukarudi tukakuta kila kitu kama tulivyokiacha, safari ya mwisho hata ndoo niliyoisahau uani ilikuwa imesimama palepale. Basi mzee kaweka msimamo kuwa haondoki tena. Anasema vimbunga kavijua mimi sijazaliwa, nyumba hii ilisimama kwenye kile kikubwa cha enzi zake na ukuta haukupata hata ufa, na kwamba kulala sakafuni kwenye jengo lenye watu mia tatu ndiko kutakakomuua.

Kusema kweli simlaumu kwa sababu na mimi nimechoka. Likitajwa tu jina jipya redioni tumbo linakata, usingizi hakuna, saa nane usiku niko na simu naangalia kimesogea wapi, na msimu wenyewe ni miezi sita jamani, siyo wiki moja. Nataka kujua hivi kweli kuna haja ya kuondoka kila mara? Na kama ipo, mzee wa namna hii mnamwambia nini akaelewa? Sitaki kumbeba kwa nguvu, ni baba yangu.

Jiwe_Kuu:

Pole mkuu. Mimi ningeangalia kategoria. Ikiwa 1 au 2 na nyumba ni ya tofali kaeni ndani mfunge madirisha, ikifika 3 kwenda juu hapo ondokeni.

BintiMaji:

Jiwe_Kuu kaka yangu samahani, najua umesema kwa nia njema ila ushauri huo umeshaua watu wengi sana na siwezi kuupita kimya.

Ile namba ya kategoria inapima upepo peke yake. Ya 1 inaanzia kilomita 119 kwa saa, ya 5 inaanzia 252, basi, imeishia hapo. Haisemi chochote kuhusu mvua wala kuhusu bahari itapanda kiasi gani, na kwenye vimbunga maji ndiyo yanayoua zaidi kuliko upepo. Chukua Katrina ya 2005, ikiwa katikati ya Ghuba ya Mexico ilikuwa kategoria 5, ikafika nchi kavu imeshuka mpaka 3. Mtu anayeangalia namba atasema afadhali imepungua. Lakini bahari ilikuwa imeshasukumwa tayari, na kimbunga chenyewe kilikuwa kipana mno, kwa hiyo pwani ya Mississippi, Marekani, maji yalipanda mpaka kama mita 8 na nusu. Sandy ya 2012 ndiyo kabisa, ilipofika nchi kavu wataalamu walikuwa hawaihesabu tena kuwa kimbunga kamili, na bado ilijaza maji kwenye njia za treni za chini ya ardhi New York.

Sasa Mlinda_Uani hilo la mzee kusema nyumba ilisimama kwenye kile kikubwa, hapo ndipo nilipokaa wima kwenye kiti. Pwani hiyohiyo ya Mississippi ilipigwa na Camille mwaka 1969, kategoria 5, kimbunga ambacho wazee wa kule walikuwa wakikipimia vingine vyote. Miaka 36 baadaye inakuja Katrina, wengi waliosalimika na Camille wakasema kama nyumba hii ilisimama kwa Camille itasimama na leo. Upepo wa Katrina kweli ulikuwa mdogo kuliko wa Camille lakini maji yake yalifika mahali ambapo ya Camille hayakufika, na watu wakafa ndani ya nyumba walizoziamini. Baba yako hasemi uongo, alichokiona alikiona kweli, ila aliona kimbunga kimoja na kinachokuja ni kingine.

Nachokushauri achana na mjadala wa upepo. Tafuta ardhi ya nyumba yenu iko juu ya usawa wa bahari kwa mita ngapi, ramani za mtandaoni zinatoa makisio lakini za ofisi ya ardhi au ya maafa ndizo nzuri zaidi. Halafu tahadhari ikitoka usikimbilie kategoria, tafuta sehemu wanayosema bahari itapanda kiasi gani, na hapo soma kwa makini kama wanahesabu kutoka usawa wa bahari au kutoka ardhi ulipokanyaga maana wengine hutoa hivi na wengine vile. Kama ni kutoka usawa wa bahari toa urefu wa ardhi yako, kinachobaki ndicho kitakachoingia ndani, na hapo mawimbi yanayopanda juu ya maji hayo bado hujayahesabu. Halafu chukua futi kamba na chaki, pima, chora mstari ukutani sebuleni, mwite mzee aje asimame pale.

Usiongeze neno.

Salum_wa_Gati:

Mimi nilibaki. Naandika kwa sababu mzee wako anafanana sana na mimi wa wakati ule.

Nilidhani maji yatakuja taratibu nitayaona nitapanda juu. Kwanza yalitokea kwenye tundu la bafuni, yanabubujika machafu, nikadhani ni bomba. Nikaenda kuzima swichi kubwa, narudi sebuleni maji yako kwenye magoti na mlango wa mbele haufunguki kwa sababu nje yameshakuwa mengi kuliko ndani. Zilikuwa dakika chache tu. Friji ikanyanyuka ikaanza kuelea, ikalala ikaziba mlango wa jikoni, mke wangu yuko upande wa pili. Tulipita kwa dirisha, tukakaa juu ya paa la jirani mpaka asubuhi, upepo unapeperusha bati usiku kucha na kila bati moja likipita unasikia mlio wake kabla hujaliona. Wote tulipona. Ila mpaka leo mke wangu maji yakibubujika kwenye sinki anatoka nje ya chumba.

Na jambo moja watu hawaambiwi, katikati ya usiku ule upepo ulikatika kabisa, kimya, nikaona hata nyota. Nikataka kushuka. Jirani akanishika shati akaniambia hiyo ni jicho, yaani katikati ya kimbunga kulikotulia, bado nusu. Kweli haikupita muda ukaja kutoka upande mwingine na ule ukuta uliokuwa unatukinga ndio ukawa unapigwa. Jicho likipita juu yenu msitoke hata kama jua linawaka.

FundiPaa:

Kwa nyumba zilizo mbali na maji na juu, ambako watu wanabaki ndani, haraka haraka: kupiga msalaba wa selotepu kwenye kioo hakusaidii kitu, kioo kikipasuka kinatoka mapande makubwa zaidi. Kufungua dirisha moja ili "hewa itoke" nako ni uongo wa siku nyingi, ukifungua umeukaribisha upepo uje kusukuma paa kutoka ndani, na upepo unanyanyua paa kutoka juu tayari. Weka mbao nene za plaiwudi kwa skrubu, siyo misumari, na mlango wa gereji uimarishe maana ukienda huo mara nyingi na paa linafuata. Kaunganishe paa na ukuta kwa vile vyuma vya mkanda, hiyo ni kazi ya kiangazi, usingoje tahadhari itoke ndipo uanze kumtafuta fundi.

Ila kwa nyumba iliyo hatua mia mbili kutoka baharini mimi kama fundi nakwambia hakuna skrubu ya kuzuia bahari. Mita moja ya ujazo ya maji ni zaidi ya kilo elfu moja, na hayo yanakuja yakikimbia na magogo na magari ndani yake.

Mlinda_Uani:

Asanteni sana, Salum nimesoma yako mara mbili nikanyamaza. Bado lakini hili la kuondoka mara tatu bure linanisumbua. Mzee anasema wale wa hali ya hewa wanabahatisha.

BintiMaji:

Hawabahatishi ila na wao hawawezi kuona mpaka mwisho wa barabara. Ule mchoro wa koni wanaouonyesha kwenye TV wengi tunausoma vibaya. Maana yake ni kwamba kitovu cha kimbunga kitapita mahali fulani ndani ya koni hiyo, na hata hivyo karibu mara moja katika tatu kinatoka nje yake. Upana wa koni hauhusiani na upana wa kimbunga, unaweza ukawa nje kabisa ya mstari na bado bahari ikakuingilia ndani. Kwa hiyo wanaotakiwa kuondoka siku zote watakuwa wengi kuliko watakaopigwa, maana ukingoja mpaka uhakika ukamilike barabara zimeshafungwa.

Na kuna vingine havitoi nafasi. Otis ya Oktoba 2023 ilikuwa dhoruba ya kawaida, ndani ya kama siku moja ikawa kategoria 5 ikaingia mji wa Acapulco, Mexico, usiku. Watu walilala na habari moja wakaamshwa na nyingine.

Mwambie mzee pia habari za Odisha, India. Mwaka 1999 kimbunga kiliua watu karibu elfu kumi kule. Mwaka 2019 kikaja Fani, kikali nacho, wakaondoa watu zaidi ya milioni moja kwa siku chache, waliokufa jimbo zima wakahesabiwa kwa makumi. Kati ya hao milioni wako wengi ambao maji hayakufika kwao, walirudi wakakuta ndoo imesimama kama yako. Kwa mtu mmojammoja inaonekana aliondoka bure.

NesiAmina:

Mtu mzima akihamishwa anateseka kweli, hilo mzee yuko sahihi na lisidharauliwe. Kwa hiyo usimpeleke sakafuni kama kuna njia nyingine. Tafuta sasa hivi, kabla ya msimu, ndugu au rafiki aliye juu na mbali na maji, hata kilomita ishirini au thelathini zinatosha mara nyingi, huna haja ya kuvuka nchi. Mpeleke siku ya kawaida akapaone, akajue choo kiko wapi usiku. Dawa zake ziwe za wiki mbili kwenye mfuko usiopitisha maji pamoja na karatasi ya majina ya dawa na vipimo, na kama anatumia insulini panga ubaridi utatoka wapi umeme ukikatika.

Umeme unakatika sana. Puerto Rico baada ya Maria 2017 kuna waliokaa gizani miezi, na vifo vingi katika vile karibu elfu tatu vilivyokadiriwa vilikuja baadaye, mtu mashine yake ya oksijeni haina umeme, mwingine hafiki hospitali. Na jenereta jamani, isiwe ndani, isiwe barazani, isiwe gereji hata mlango ukiwa wazi. Ule moshi wake unalaza familia nzima na hakuna anayeamka. Louisiana mwaka 2020 baada ya Laura jenereta ziliua watu wengi kuliko maji ya bahari yalivyoua. Nimewahi kupokea watoto wawili wa namna hiyo, mmoja tulimrudisha. Iwe nje kabisa, mita sita au zaidi kutoka nyumbani, moshi uangalie mbali na madirisha.

Jiwe_Kuu:

BintiMaji nimekuelewa na nafuta kauli yangu. Kwa kweli sikujua kama kategoria haihesabu maji.

Mlinda_Uani:

Narudi na majibu. Ofisi ya maafa wamenipa urefu wa kiwanja chetu, ni mita moja na sentimita arobaini juu ya bahari. Nikachukua makisio yao ya kimbunga kikubwa kwa ufukwe wetu, nikatoa, ikabaki mita mbili na kidogo. Nikapima, nikachora mstari kwa chaki pembeni ya mlango wa chumba chake, juu ya swichi ya taa, juu ya picha ya marehemu mama.

Mzee alitoka na fimbo yake akauliza nani kachafua ukuta. Nikamwambia maji. Akasimama pale, mstari umempita kichwa kwa kiganja na zaidi. Akanyoosha mkono akaugusa. Hakusema kitu, akaenda kukaa nje. Jioni wakati nafunga madirisha akaniuliza, na picha ya mama yako unaiweka wapi? Nikamwambia ndiyo ya kwanza kwenye mfuko.

Amekubali kwenda kwa dada yangu, yuko mlimani, ila anasema saa ya kutoka ataitaja yeye.

Salum_wa_Gati:

Alhamdulillah. Mwachie aitaje, ila mkubaliane leo kwamba iwe mchana na iwe kabla upepo haujafika kilomita 63 kwa saa, maana kuanzia hapo madaraja huanza kufungwa na waokoaji nao wanarudi ndani. Muiandike kwenye karatasi na yeye aweke sahihi yake.

Mlinda_Uani:

Nimeiandika. Ameweka sahihi, na chini yake kaongeza kwa mkono wake: "na redio twende nayo".