Ukimya gani huu wa Ulaya uliojaa maandishi?

Mwanafunzi wa Historia
Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wote. Ninaandika insha ya shahada kuhusu Ulaya ya karne ya 19, na kila ninakosoma nakutana na dai lilelile, kwamba watu wa zama za Malkia Victoria waliona haya kuyataja mambo ya unyumba kwa sababu dini na serikali zilikuwa zimewaziba midomo. Lakini nikizifungua kumbukumbu za miaka hiyohiyo nakuta sheria, ripoti za tume, vitabu vya madaktari na mijadala ya Bunge juu ya jambo hilohilo. Inakuwaje jamii inyamaze na papo hapo iandike kiasi hicho?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Swali hilo alilishughulikia mwanafalsafa wa Kifaransa Michel Foucault mwaka 1976, akajibu kwamba mamlaka hayakuwanyamazisha watu tu, bali yaliwashurutisha waseme, mradi waseme mbele ya msikilizaji anayetambuliwa. Mimi ningeanzia mwaka 1215, Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulipomwagiza kila Mkatoliki aliyefikia umri wa utambuzi kuungama kwa padri angalau mara moja kwa mwaka. Mambo ya chumbani yakapata msikilizaji rasmi. Mapadri walifundishwa kuuliza, na papo hapo wakaonywa wasichimbe mno, wasije wakamfundisha muungamaji dhambi asiyoijua. Katika karne ya 16 Carlo Borromeo, Askofu Mkuu wa Milan, aliagiza kiti cha maungamo kiwe na kiambaza chenye matundu kati ya padri na muungamaji, hasa akiwa mwanamke. Kanisa lenyewe lilijua kwamba mazungumzo yale yana hatari yake.

Karne ya 19 ilipofika, daktari naye akawa msikilizaji. Richard von Krafft-Ebing, tabibu wa magonjwa ya akili, alichapisha mwaka 1886 kitabu kilichoainisha matamanio ya watu kama maradhi, na aya zenye maelezo ya aibu akaziandika kwa Kilatini ili zisisomwe na kila mtu. Watu walikisoma hata hivyo, wakamwandikia barua za kumsimulia maisha yao, naye akayaingiza masimulizi hayo katika matoleo yaliyofuata.

Mkunga wa Zamu
Mwalimu ameeleza vizuri, ila mdogo wangu usiishie kwenye vitabu, kwa maana mamlaka yaliigusa miili. Soma Sheria za Magonjwa ya Kuambukiza zilizopitishwa Uingereza mwaka 1864, 1866 na 1869, wakati kaswende na kisonono vilipokuwa vikilidhoofisha jeshi. Katika miji ya kambi na bandari, kama Aldershot, Portsmouth na Plymouth, askari kanzu waliruhusiwa kumshuku mwanamke yeyote kuwa kahaba ili apimwe sehemu za siri, na sheria haikufafanua kahaba ni nani. Aliyekataa kupimwa aliweza kufungwa. Aliyekutwa na ugonjwa alizuiliwa hospitalini kwa miezi. Wanaume waliokwenda kwa wanawake hao hawakuguswa na sheria hizo.

Mimi kazi yangu ni hiyo ya kupima. Nakipasha joto kwa maji chombo cha chuma cha kufungulia uke kabla ya kumgusa mama, namweleza ninachofanya, na akisema subiri, nasubiri. Kwa hiyo nikisoma kwamba mwanamke alifunguliwa kwa chuma bila hiari yake, kwa neno la polisi, siwezi kuliita jambo hilo afya ya jamii. Tume ya Kifalme ya mwaka 1871 ilitetea tofauti ile kwa hoja kwamba mwanamke anafanya kwa faida, ilhali mwanamume anafuata tu msukumo wa maumbile. Hiyo ndiyo sentensi ya kuiweka katikati ya insha yako.

Mwanafunzi wa Historia
Nashukuru sana, dada. Nimesoma kwamba Josephine Butler aliyeongoza upinzani dhidi ya sheria hizo alikuwa mcha Mungu, mke wa kasisi wa Kianglikana. Ikiwa dini ilikuwa chombo cha kudhibiti, imekuwaje pia silaha ya Butler?

Wakili wa Pwani
Kwa sababu taasisi moja haisemi kwa sauti moja. Butler aliwatetea wanawake wale kwa lugha ya Biblia, na sheria zikafutwa mwaka 1886. Hata hivyo usimalizie hapo kwa furaha. Mwaka mmoja kabla, Bunge lilipandisha umri wa msichana kuridhia kutoka miaka 13 hadi 16, ulinzi uliohitajika kweli, na ndani ya sheria hiyohiyo mbunge Henry Labouchere akapenyeza kifungu cha kuadhibu vitendo vya wanaume wao kwa wao, hata vya faraghani. Mwandishi Oscar Wilde alifungwa miaka miwili kwa kifungu hicho mwaka 1895, na maneno ya namna hiyo yaliingia katika Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanganyika za mwaka 1930.

Kuhusu madaktari, tazama pia Marekani. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili kiliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya maradhi Desemba 1973, wanachama wengine wakapinga, na mwaka 1974 suala likaamuliwa kwa kura: 5,854 waliunga mkono uamuzi huo, 3,810 wakaukataa.