Ushauri: kuweka mpira wa NG kwa usalama, na nijuaje kwa hakika umefika tumboni?

Nesi_Chipukizi

Habari zenu wakuu, na shikamooni wote mlionitangulia kwenye kazi hii.

Mimi ni muuguzi, nimepangiwa wodi ya magonjwa ya ndani. Wagonjwa wetu wengi wamepata kiharusi na hawawezi kumeza salama, kwa hiyo mpira wa NG (ule unaopitishwa puani hadi tumboni kwa ajili ya kulisha) ni kazi ya kila siku. Hatua zake nimefundishwa na nimesimamiwa, lakini bado kuna mambo yananikosesha raha.

Wapo wagonjwa ambao mpira ukifika kooni unagoma, au unajikunja mdomoni. Hapo unafanyaje bila kumuumiza mtu?

Kinachonisumbua zaidi ni kuhakiki. Wenzangu wengine wanasukuma hewa kwa sirinji huku wakisikiliza tumboni kwa stetoskopu, na wakisikia mlio wanaanza kulisha. Wengine wanachovya mwisho wa mpira kwenye maji waone kama kuna mapovu. Mwalimu wangu alisisitiza karatasi ya pH (inayopima asidi ya majimaji, namba ndogo ndiyo asidi kali). Nishike lipi? Na kuna wagonjwa ambao hawakohoi kabisa hata ukiwagusa koo, hao ndio wananitia hofu kuliko wote.

Naombeni uzoefu wenu.

SistaWaZamu

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza jambo la maana sana, maana watu wengi huona kazi imeisha mpira ukishaingia.

Nianze kabla hujafungua pakiti. Soma faili kwanza. Kama ameumia uso au kuna wasiwasi wa kuvunjika kitako cha fuvu (weusi kuzunguka macho yote mawili, michubuko nyuma ya sikio, maji meupe yanayotoka puani au sikioni), usipitishe kitu puani, mpira unaweza kuingia ndani ya fuvu. Mwite daktari. Aliyemeza tindikali au kemikali nyingine ya kuunguza, aliyefanyiwa upasuaji wa umio au tumbo hivi karibuni, mwenye umio uliobana, mwenye mishipa iliyovimba kwenye umio, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda: hao wote usianze hadi daktari aamue.

Halafu ongea na mgonjwa, hata yule asiyeweza kujibu. Mweleze utafanya nini, kwamba macho yatatoa machozi na atahisi kutaka kutapika. Kubalianeni ishara: akiinua mkono, unasimama. Na usimame kweli. Mtu akijua ana uwezo wa kukusimamisha analegea, na aliyelegea mpira unapita kirahisi.

Mkalishe wima kadiri hali yake inavyoruhusu, mto nyuma ya kichwa. Asiye na fahamu mlaze ubavu. Tazama tundu za pua, muulize lipi linapitisha hewa vizuri, na kama aliwahi kuvunjika pua. Kwa kulisha mtu mzima chukua mpira mwembamba, saizi Fr 8 hadi 12 (Fr ni kipimo cha unene wa mpira). Minene ya Fr 14 hadi 18 ni ya kutoa majimaji tumboni, na ikikaa muda mrefu inachubua pua na umio.

Kupima: toka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi ncha ya chini ya mfupa wa kidari. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 50 na 60, ila pima kila mtu, usikariri. Kwa mtoto mchanga unashuka zaidi, hadi katikati ya ncha hiyo na kitovu. Kipimo hiki ni makadirio tu, wapo ambao ncha ya mpira hubaki kwenye umio. Ndiyo maana kuhakiki hakuachwi.

Paka jeli inayoyeyuka kwenye maji. Usitumie mafuta ya mgando, yakiingia kwenye mapafu yanaleta homa ya mapafu isiyopona upesi. Kisha elekeza mpira nyuma, sambamba na sakafu ya pua, usiuelekeze juu. Wengi hukosea hapa kwa sababu pua kwa nje inaonekana kama inapanda, kumbe njia yake inaenda moja kwa moja nyuma.

Ukifika kooni, tulia. Mwambie ashushe kidevu kifuani na ameze, wewe sukuma kidogo kila anapomeza. Anayemeza salama mpe maji anywe kwa mrija, funda dogo dogo. Wagonjwa wako wa kiharusi usiwape maji, wameze mate tu. Na mwenye wasiwasi wa kuumia shingo usimwinamishe kichwa.

Ukigoma, usitumie nguvu hata kidogo. Rudisha nyuma sentimita chache, uzungushe taratibu, ujaribu tena anapomeza. Fungua mdomo umulike kwa tochi, mara nyingi utaukuta umejikunja nyuma ya ulimi. Bado unagoma? Jaribu tundu la pili. Damu ikitoka au mgonjwa akichoka, acha, mwite mwenye uzoefu zaidi. Akianza kukohoa sana, sauti ikipotea, pumzi ikibana, midomo ikibadilika rangi au oksijeni ikishuka, toa mara moja. Apumzike kwanza.

Mkongwe_wa_Wodi

Sista umemaliza, ila kwenye hewa na stetoskopu msitutishe. Sisi tumefundishwa hivyo na tumelisha wagonjwa wengi sana wakapona. Ukiwa na sikio zuri unatofautisha mlio wa tumbo na wa pafu. Karatasi za pH siku nyingine hazipo stoo, utamwacha mgonjwa na njaa?

Dkt_ZamuYaUsiku

Kaka Mkongwe, nakuheshimu, lakini hapa naomba tusikubaliane. Sauti inasafiri. Hewa iliyosukumwa kwenye mpira ulioingia sehemu ya chini ya pafu la kushoto, au ulioishia kwenye umio, inasikika tumboni vilevile. Waliolishwa ndani ya pafu baada ya mlio kusikika "vizuri" wapo, na wamekufa. Shirika la usalama wa wagonjwa la Uingereza wakati huo, NPSA, lilitoa tahadhari mwaka 2005 kwamba njia ya kusikiliza hewa isitumike, na likarudia mwaka 2011. Huko chakula kikiingia kwenye pafu kwa mpira uliopotea njia, kinahesabiwa miongoni mwa matukio ambayo hayapaswi kutokea kamwe.

Mapovu kwenye maji nayo hayathibitishi. Tumbo lina gesi, litatoa mapovu. Na mpira ulioziba ukutani mwa mirija ya pafu hautoi hata povu moja. Kuangalia rangi tu ya majimaji pia hakutoshi, maji ya kifuani yanaweza kufanana na ya tumboni. Hata karatasi ya litmasi, ile inayobadilika bluu kuwa nyekundu, haikuonyeshi ni asidi kiasi gani.

Kinachobaki ni viwili. Cha kwanza ni pH ya majimaji uliyovuta, kwa karatasi yenye namba iliyotengenezwa kwa kupimia majimaji ya mwili. Kati ya 1 na 5.5, endelea. Ukisoma kitu kati ya 5 na 6, mwite mwenzako naye asome, kwa sababu rangi hizo zinakaribiana na jicho lililochoka linaona linachotaka kuona. Cha pili ni eksirei ya kifua, pale pH inaposhindwa kutoa jibu.

Kuhusu karatasi kukosekana: hiyo ni hoja ya kumpelekea msimamizi wa wodi kwa maandishi, na wakati huo mgonjwa apigwe eksirei. Maji na sukari anaweza kupewa kwa mshipa wakati mnasubiri. Saa chache bila uji haziwezi kulinganishwa na uji kwenye pafu.

Na kabla ya uthibitisho usiingize chochote, hata maji ya kusafishia mpira, hata ya kulainisha waya wa ndani (ule unaokaza mpira mwembamba wakati wa kuuingiza).

Mkongwe_wa_Wodi

Nimekusoma daktari. Hoja ya mpira kuishia kwenye umio sikuwa nimeitilia maanani, nilikuwa nafikiria pafu tu. Ombi la karatasi nitaliandika.

Nesi_Chipukizi

Asanteni sana. Swali: navuta kwa sirinji, hakitoki kitu. Mpira mwembamba ndio zaidi. Hapo inakuwaje?

SistaWaZamu

Hilo la kawaida kabisa. Tumia sirinji kubwa, ya mililita 50 au 60 inayoingia kwenye mipira ya kulishia, maana ndogo inavuta kwa nguvu nyingi na mpira mwembamba unabonyea na kujifunga. Vuta polepole. Nusu mililita hadi moja inatosha kulowanisha karatasi.

Kisipotoka, mgeuzie ubavu wa kushoto ili majimaji yakusanyike ilipo ncha. Sukuma hewa mililita 10 hadi 20 (hii ni kuitoa ncha ukutani mwa tumbo tu, usisikilize chochote), kisha vuta tena. Kama bado, subiri dakika 15 hadi 30. Unaweza pia kuingiza mpira sentimita chache zaidi au kuurudisha. Msafishe kinywa wakati unasubiri, wengine hilo peke yake linaamsha majimaji ya tumbo.

Waya wa ndani ukishautoa, usiurudishe mpira ukiwa ndani ya mgonjwa. Unaweza kutokea pembeni ya mpira na kutoboa umio.

ICU_Mtulivu

Niongezee kuhusu wasiokohoa, kwa sababu ndio wagonjwa wangu wa kila siku. Usichukulie ukimya kuwa dalili njema. Mwenye kiharusi kikubwa, aliyelewa dawa za usingizi, mzee sana, mpira unaweza kushuka hadi ndani ya pafu naye ametulia tu. Na aliye kwenye mashine ya kupumulia msifikiri ule mfuko wa hewa wa bomba lake utazuia: mpira mwembamba unapita pembeni yake. Kwa hao sisi huona bora kutumia kifaa cha kumulikia koo, na eksirei hatuikwepi.

Kuisoma eksirei pia kunahitaji mtu aliyefunzwa. Kwenye taarifa zile za Uingereza, picha iliyosomwa vibaya ndiyo iliyoongoza kwa madhara. Hakikisha ni ya mgonjwa huyo na ni ya leo. Kisha ufuate mpira kwa jicho toka juu: unashuka katikati, unapita wima pale njia ya hewa inapogawanyika bila kufuata tawi lolote, unavuka kiwambo cha kifua (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) katikati, kisha unakunja kushoto na ncha yake inaonekana chini ya kiwambo. Kimoja kikikosekana, usilishe.

Mlezi_Nyumbani

Samahanini, mimi si mhudumu wa afya, namhudumia mama yangu nyumbani akiwa na mpira huu. Tulifundishwa kulisha kabla hajaruhusiwa. Wakati mwingine plasta inaachia na mpira unatoka kidogo. Naweza kuurudishia ndani?

SistaWaZamu

Pole kwa kuuguza, dada au kaka. Usiurudishe. Wakati wa kuweka mpira tunatia alama pale unapotokea puani na kuandika sentimita zake. Alama ikiwa imesogea, usimlishe wala usimpe dawa kwa mpira huo, bandika plasta usitoke zaidi, wasiliana na hospitali au muuguzi wenu. Ncha inaweza kuwa imepanda hadi kooni, na ukiisukuma hujui itashukia wapi.

Angalia alama kila kabla ya kulisha, na baada ya kutapika au kukohoa sana. Kama mlipewa karatasi za pH, pima kila mara kabla ya kulisha. Mama aketi au ainuliwe kichwa nyuzi 30 hadi 45 anapolishwa, na abaki hivyo walau nusu saa baadaye. Akianza kukohoa, kuhema au kubadilika rangi wakati chakula kinashuka, funga, acha, omba msaada wa haraka.

Mlezi_Nyumbani

Asante sana sista. Alama ipo, ni sentimita 56, nimeiandika ukutani karibu na kitanda.

Nesi_Chipukizi

Na mimi nilitaka kufungia na hili. Kuna mgonjwa anatumia omeprazo, pH yake inasoma 6. Mpira umeingia bila shida yoyote na yeye yuko sawa tu.

Dkt_ZamuYaUsiku

Omeprazo inapunguza asidi, kwa hiyo 6 inaweza kuwa ya tumbo. Inaweza pia kuwa ya pafu. Namba hiyo haijakujibu, na kuwa sawa kwa mgonjwa hakujajibu pia. Usimpe kitu, subiri hadi saa moja, vuta upime tena. Ikibaki juu ya 5.5, eksirei. Kwa siku zinazofuata pima muda mfupi kabla ya dozi inayofuata, asidi huwa imepanda kidogo, na kwenye faili andika kabisa kwamba yuko kwenye dawa hiyo ili wa zamu nyingine asishangae.

Andika pia saizi ya mpira, tundu la pua, sentimita puani, pH na nani aliisoma.

Nesi_Chipukizi

Nimeelewa daktari. Nimesimamisha kulisha, fomu ya eksirei iko tayari kama kipimo cha pili kitasoma vilevile. Nitaleta majibu hapa.