Naomba ushauri: nifundisheje sheria za Hammurabi bila darasa kuishia kwenye "jicho kwa jicho"?

Wakuu, habari zenu. Nafundisha historia sekondari na mada inayofuata ni Mesopotamia, yaani Iraki ya kale. Kila nikimgusa Hammurabi, mfalme wa Babeli, darasa zima linadaka "jicho kwa jicho" na mjadala unafia hapo. Wakati sheria yenyewe iliangalia kwanza aliyeumizwa ni nani: ukimtoboa jicho bwana mkubwa, na lako linatobolewa, akiwa mtu wa kawaida unalipa mina moja ya fedha, kama nusu kilo hivi, akiwa mtumwa wa mtu, nusu ya bei yake. Basi.

Mimi ninayoipenda ni ile ya tuta la kuzuia maji. Ukizembea kulikarabati tuta lako, likabomoka na maji yakaingia mashamba ya wenzako, unawalipa nafaka iliyopotea. Huna? Unauzwa wewe na mali zako, wao wanagawana fedha. Hapo ndipo unaiona nchi iliyoishi kwa mifereji.

Sasa ninapokwama: sheria za Ur-Nammu, mfalme wa Uru, zilizotangulia kwa takriban miaka 300, zilitoza faini tu kwa jicho. Mbona aliyekuja baadaye ndiye mkali zaidi? Mtoto wa sekondari nimweleze vipi?

Halafu kwa Hammurabi kuna sheria ya mtuhumiwa wa uchawi kujitosa mtoni, akipona hana hatia na aliyemshtaki anauawa. Niiweke, au nitaleta balaa darasani? Maana uchawi kwa wengine hapa si hadithi ya kale.

Mliowahi kuifundisha, mlianzia wapi?