Simu ya mkopo imeshalipwa yote, mbona kufuli bado lipo?

Chiku_K: Wakuu, tujadili hili. Mtu kamaliza marejesho yote ya simu ya mkopo, meseji ya kumaliza deni anayo, lakini kwenye mipangilio bado panasomeka kwamba kifaa kinasimamiwa na kampuni. Mkopeshaji ana haki gani ya kubaki ndani ya simu isiyo yake? Na kuflashi (kupakia upya mfumo wa simu) kunasaidia, au ni kutupa hela?

fundi_bodi: Usiflashi kwanza. Jua ni kufuli la aina gani.

Programu ya mkopo husajiliwa kama mmiliki wa kifaa simu ikiwa mpya, kabla haijaingizwa akaunti yoyote. Kwa cheo hicho haifutiki kama programu nyingine, na inaweza kuzuia simu isirudishwe kiwandani kupitia mipangilio. Kama imekaa ndani ya simu peke yake, kufuta kila kitu kwa rikava (menyu ya ukarabati inayofunguliwa kwa vitufe simu ikiwa imezimwa) kunaiondoa. Ila wakopeshaji wengi huandikisha IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenye seva (kompyuta ya mbali inayofikiwa kwa intaneti): Samsung wana mfumo wa kufuli uitwao Knox Guard, na Google wana mfumo wao. Hapo hata uflashi mara kumi, simu ikigusa intaneti tu seva inaitambua na kufuli linarudi. Ndipo watu wanapolipa fundi mara mbili tatu kwa kazi ileile.

Kwa Samsung, zima simu, shikilia vitufe vyote viwili vya sauti, kisha chomeka waya wa USB uliounganishwa na kompyuta. Ukiona onyo, bonyeza kuongeza sauti, usome mstari wa KG STATE (KG ni Knox Guard). Ukisema Active au Locked, seva bado imeishikilia.

Mwanasheria_Pwani: Kufuli wakati wa deni nalikubali. Mkopaji hakuweka dhamana nyingine, na bila kufuli wengi wasingekopeshwa kabisa. Nisichokubali ni mambo mawili: kufuli kubaki baada ya deni, na programu kuomba kusoma meseji na majina ya kwenye simu. Kufunga kioo hakuhitaji kujua nani anakupigia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, na zote zinataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahsusi. Dai lako liandike kwa maandishi, usipige simu tu.

Na asikudanganye mtu ubadilishe IMEI ili ukwepe seva. Tanzania hilo ni kosa chini ya sheria ya mawasiliano ya 2010.

fundi_bodi: Naongezea. Kwenye hiyo barua weka IMEI zote mbili (piga *#06#). Simu ya laini mbili ina mbili, na ikitolewa moja tu kwenye seva unaweza kujikuta ulipoanzia. Wakishathibitisha, unganisha waifai, washa upya, subiri ujumbe wa usimamizi upotee. Kisha hifadhi picha zako, rudisha simu kiwandani kupitia mipangilio, uone kama inawaka bila jina la kampuni.

Kama utalazimika kupitia rikava, hakikisha unakumbuka baruapepe na nenosiri la Google lililokuwemo, maana simu itakuuliza ikiwaka. Hilo ni kufuli jingine kabisa, na mkopeshaji hawezi kulifungua.

Chiku_K: Na kufungua butiloda, ile programu inayowasha mfumo wa simu, ili kuweka mfumo mwingine?

fundi_bodi: Kwa Samsung, ukishaweka mfumo usio rasmi unachoma fyuzi ya Knox (alama ya usalama ndani ya simu), hairudi tena, na programu za benki huweza kugoma. Kwa simu uliyokwisha kuilipia, hiyo ni bei kubwa mno kwa kitu ambacho mkopeshaji anapaswa kukiondoa bure.