Bia yangu ya kwanza ya mtama inachachuka: niitie lini katika chupa?

Mkaaji wa Ibanda (Bukavu)

Ndugu zangu, salamu kutoka Bukavu. Naandika nikiwa na furaha ambayo watu wa nyumbani wameanza kuichoka, kwa kuwa kila anayepita karibu na jikoni namwita aje asikilize bidoni, yaani dumu, la bia yangu. Nilinunua mtama mwekundu katika soko la Kadutu, nikauloweka, nikauacha uote chini ya gunia lenye unyevu, kisha nikauanika juani na kuusaga. Kimea hicho nilikichanganya na maji ya moto, nikachuja, nikachemsha maji yake kwa saa moja, nikayaacha yapoe, ndipo nikatia hamira ya mkate na kuyafunga katika bidoni ya lita 20. Katika kifuniko nimepitisha mpira mwembamba unaoishia ndani ya chupa yenye maji, ili hewa itoke bila nyingine kuingia.

Usiku wa kwanza hapakuwa na dalili yoyote, nikaanza kukata tamaa. Asubuhi ile chupa ilikuwa ikitoa mapovu mfululizo, na nilipomulika bidoni kwa tochi niliona povu la kahawia limejaa hadi shingoni, huku chembe za mtama zikipanda kutoka chini, zikigeuka na kuzama tena, bila mtu kuzigusa. Sijui kama wenzangu mliozoea jambo hili bado mnashangaa, lakini mimi nilisimama pale hadi chai ikapoa.

Sasa mapovu yamepungua na Jumapili nina wageni. Natamani kuitia katika chupa za kioo za bia ya Primus nilizokwisha kuosha, ili iwe na gesi kama bia ya dukani. Je, wakati umefika, na mtu hujuaje?

Mama wa Walungu

Hongera, mwanangu. Nimepika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, tangu nikiwa msichana na bado nainama kuisikiliza inapoanza kuvuma, kwa hiyo usione haya. Ila nakuuliza: chupa za nini? Sisi huivisha ndizi shimoni, tukazimenya na kuzikanda kwa majani hadi zitoe maji, tukachanganya na unga wa mtama uliokaangwa, na baada ya siku mbili au tatu watu wanakunywa. Pombe ya namna hii hunywewa ikiwa bado inafanya kazi. Ikikawia na hewa ikaingia, inageuka siki, na hapo hata ukiitia katika chupa nzuri namna gani hutaiponya. Kama wageni wanakuja Jumapili, waite, ichuje vizuri, iwekeni katikati mnywe. Hayo mambo ya gesi waachie wenye viwanda.

Fundi wa Bagira

Mama amesema kweli kuhusu kasiksi, lakini naona ndugu yetu anataka bia inayoweza kukaa, na hilo lina masharti yake. Usiitie katika chupa kabla ya Jumapili. Hamira hula sukari na kutoa kilevi pamoja na hewa ya ukaa, na kwa uzito viwili hivyo vinakaribiana. Katika bidoni yenye mpira hewa hiyo inatoka. Katika chupa iliyofungwa inabaki na kusukuma. Mapovu kupungua si ushahidi kwamba sukari imekwisha, kwa sababu usiku wa baridi tu unatosha kuilegeza hamira, nayo ikaamka tena mchana. Kioo kikipasuka mkononi, au mbele ya mtoto, furaha yote inaishia hospitalini.

Ukiweza kupata densimeta, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha kiasi cha sukari iliyobaki, pima leo, kisha rudia kesho na keshokutwa. Namba isipobadilika kwa siku tatu, kazi imekwisha. Usipoipata, onja kidogo kwa kijiko kilichochemshwa. Ikiwa utamu bado unashika ulimi, iache. Ikiwa imekauka, imeanza kutulia juu na machicha yamelala chini, ongeza siku chache bado, kwa maana subira hapa haina gharama. Hali ya hewa ya Bukavu, yenye wastani wa nyuzijoto 20 hivi, inaifaa hamira vizuri, kwa hiyo usiisogeze karibu na jiko ili kuiharakisha. Joto likizidi, ladha inakuwa kali na kichwa cha kesho yake kinakuwa kizito.

Siku ya kutia katika chupa, sukari ya kuleta gesi ni karibu gramu 6 kwa lita, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa chupa ya sentilita 72. Usiongeze hata kidogo kwa kupenda povu. Na kwa kuwa sidhani una mashine ya kufungia vizibo, tumia chupa za plastiki za soda: unaziminya kwa kidole, na zikishakuwa ngumu unazipeleka mahali pa baridi.

Jambo moja ambalo hukulitaja linanitia wasiwasi kidogo. Mizizi na machipukizi ya mtama uliooteshwa yana kitu kinachozaa sianidi, ambayo ni sumu. Je, baada ya kuanika uliyasugua na kuyapepeta kabla ya kusaga?

Mwana Lubumbashi

Nawasalimu kutoka Katanga. Nina neno moja tu, kwa ajili ya mapishi yako yajayo. Huku tunapotengeneza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, tunapika kwanza uji wa mahindi, tunauacha upoe kiasi, ndipo tunatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, nayo inaugeuza wanga kuwa sukari hadi uji mzito unakuwa mwepesi kama maji. Sababu ya kupika kwanza ni kwamba wanga unahitaji moto ili ufunguke, lakini vimeng'enya vinavyoukata hufa kwa moto huohuo. Mtama nao una tabia hiyo, kuliko hata shayiri. Pika sehemu ya unga wako uwe uji, na uipike kwa muda mrefu, maana kwa mwinuko wenu wa mita 1,500 maji yanachemka kwenye nyuzijoto 95 hivi. Uache ushuke hadi karibu 65, kisha tia kimea kilichobaki. Utapata sukari nyingi zaidi kwa mtama uleule.

Mkaaji wa Ibanda

Asanteni sana. Fundi, tulia: machipukizi niliyasugua juu ya mkeka na dada yangu akayapepeta kwa ungo, kwa kuwa marehemu bibi alikuwa akisema yanatia uchungu. Nimeonja sasa hivi. Bado ni tamu kidogo, na mwishoni inakwaruza koo. Basi Jumapili wageni watapewa jagi moja iliyochujwa, kama Mama alivyoshauri, na iliyobaki itakaa na mpira wake hadi itakapokauka. Chupa za kioo nimezirudisha katika kreti.

Fundi wa Bagira

Vizuri. Unapotoa hiyo jagi, tumia mpira uliochemshwa na uache machicha yalale. Ukitikisa bidoni, utaingiza hewa na ile siki ya Mama itakufikia kabla ya wiki kwisha.