Mnaosema sinema ya The Wild Geese haina siasa, mliangalia nini?

Wakuu, imetosha. Kila picha hii ya 1978 ikipandishwa kwenye makundi ya sinema za zamani, maoni ni yale yale: mapigano matupu, siasa hamna. Hamna vipi? Sir Edward Matherson, tajiri wa benki wa London, anakodi mamluki 50 wakamtoe kifungoni Julius Limbani, kiongozi wa nchi ya Afrika aliyepinduliwa. Kazi ikiwa katikati, Matherson anaelewana na Jenerali Ndofa, dikteta wa nchi hiyo, kuhusu shaba, na ndege iliyokuja kuwachukua vijana wake inaondoka na kuwaacha uwanjani. Ukiitoa shaba, hadithi yote inaanguka.

Kinachokera zaidi ni hili la Simba. Kwenye picha, Simba ni askari wa Ndofa. Simba wa kweli walikuwa waasi wa mashariki ya Kongo, 1964, waliopigana na serikali ya waziri mkuu Tshombe, na Tshombe ndiye aliyeajiri mamluki wa Mike Hoare, kikosi cha 5 Commando. Sasa waasi wamegeuzwa walinzi wa dikteta na mamluki wamekuwa wakombozi. Na mshauri wa kijeshi wa picha alikuwa nani? Hoare huyo huyo! Simba hawakuwa malaika. Stanleyville (Kisangani ya leo) walishika mateka na kuchinja raia, wengi wao Wakongo wenzao. Ila hilo halimpi mamluki ruhusa ya kujisafishia historia yake kwa jina lao.

Rudieni shambulio la kambini. Walinzi wanauawa kimyakimya, halafu mamluki wanaingia wamevaa vinyago vya gesi, wanapuliza sianidi juu ya askari waliolala vitandani. Gesi ya sumu vitani imepigwa marufuku na Itifaki ya Geneva tangu 1925. Hakuna hata mmoja wa waliolala aliyepewa jina. Janders, mmoja wa mamluki, akifa, tumeshamjua mpaka mwanawe Emile, na machozi yanatutoka. Huko kugawa nani aliliwe na nani asililiwe ndiyo siasa yenyewe, tena inafanya kazi vizuri kwa sababu picha imechezwa vizuri.

Mtanijibu kwa Coetzee, mamluki kaburu anayembeba Limbani mgongoni. Sawa, ni sehemu nzito, na kuionyesha mwaka ule halikuwa jambo dogo. Lakini sikilizeni Limbani anapewa aseme nini: sisi tuwasamehe Wazungu ya jana, wao watusamehe ya leo. Mizani imewekwa sawa kana kwamba deni ni moja! Na picha ilipigwa kaskazini ya Transvaal, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, mwaka 1977, mwaka ambao mpigania haki Steve Biko alikufa mikononi mwa polisi wa nchi hiyo hiyo. Ndiyo maana wapinga ubaguzi waliandamana ilipozinduliwa London. Waigizaji Winston Ntshona na John Kani, waliokwisha kushinda tuzo ya Tony ya Marekani 1975 kwa tamthilia zilizoumbua ubaguzi huo, humu mmoja ndiye Limbani, mgonjwa wa kubebwa, na mwingine ni mamluki wa pembeni.

Msiniambie ni picha tu. Novemba 1981 Hoare alitua Mahé, Shelisheli, na watu wake wakijifanya klabu ya wanywa bia, bunduki zimefichwa mizigoni, waende kuipindua serikali ya Rais René. Silaha moja ikagunduliwa forodhani, wakateka ndege ya Air India kukimbilia Durban.

Anayetaka kubisha aanze na ile gesi ya kambini.